Nimepima densiti ya kipande kimoja mara tatu nimepata majibu matatu, nakosea wapi?

"Habari mtaalamu. Nina kipande cha metali ya manjano, umbo lake halieleweki, nataka kujua kama ni shaba, brasi au kitu kingine. Nimenunua mizani ya kidijitali inayosoma mpaka 0.01 g, kipande kina 24.60 g. Nikakidumbukiza kwenye silinda ya kupimia ya 100 ml yenye maji mpaka alama ya 50, maji yakapanda kama 53 hivi, nikagawanya nikapata 8.2. Nimerudia nikapata 7.0, nikarudia tena 9.8. Mmoja kaniambia shida ni maji ya bomba nitumie yaliyokenekwa, mwingine kasema mizani yangu ni hafifu ninunue ya desimali nne. Alafu nina kipande cha tofali la kuchoma, gramu 61.20, hicho ndo kinanichanganya kabisa, nikikitia kwenye jagi la kupimia maji yanapanda kisha yanaanza kushuka taratibu, densiti inatoka 1.8 inaenda 2.1 mpaka 2.3. Na nina plastiki inaelea tu, haizami. Nifanyeje?"

Kwanza pole, na usinunue chochote bado. Mizani uliyo nayo inatosha kabisa kwa hii kazi, na maji ya bomba pia yanatosha, nitakuonyesha kwa namba. Kinachokuangusha ni kitu kimoja tu, unasoma ujazo kwa macho.

Angalia vizuri hayo majibu yako matatu. Ili upate 9.8 lazima ulisoma maji yamepanda 2.5 ml, 8.2 inatoka kwenye 3.0 ml, na 7.0 inatoka kwenye 3.5 ml. Yani tofauti yote ile ni nusu mililita huku na nusu mililita huku, kwenye silinda ambayo mistari yake imepishana mililita 1 na maji yenyewe yamepinda ukingoni, kichwa ukikishusha kidogo tu unasoma namba nyingine. Hujafanya uzembe wowote, hiyo silinda ndo uwezo wake umefikia hapo. Uzito wako una shaka ya 0.01 kwenye 24.60, hiyo ni asilimia 0.04, haina neno. Ujazo wako una shaka ya 0.5 kwenye 3, hiyo ni karibu asilimia 17. Sasa densiti ni uzito ugawe kwa ujazo (kitaalamu tunasema tungamo lakini tuendelee na uzito, tunaelewana), kwahiyo shaka ya ujazo inaingia yote kwenye jibu, na hata ukiwa na mizani ya desimali nne bado utapata 7 leo na 9.8 kesho.

Na hili la maji ya bomba, maji ya kunywa ya kawaida yenye nusu gramu ya chumvichumvi kwa lita yanazidi maji safi kwa densiti kama 0.0004 tu, sehemu nne kwa elfu kumi. Kwenye densiti kama 8.2 yako huioni. Maji ya bahari hapo sawa, yale yanafika 1.025 hivi, hayo usitumie, ila ya bomba tumia bila wasiwasi. Kwenye maji kuna vitu viwili vya kuogopa, hewa na joto, nitavifikia.

Hili tatizo lako ni la zamani sana. Ile hadithi ya Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, na taji la mfalme aliyeshuku fundi kachanganya fedha kwenye dhahabu, tumefundishwa kwamba alipima maji yaliyomwagika, na hiyo njia ukiipigia hesabu haifiki mbali. Chukua taji la kilo 1 la dhahabu tupu, ujazo wake ni kama 52 cm³ (cm³ 1 ni sawa na ml 1). Sasa fundi akiiba akaweka fedha asilimia 30, ujazo unakuwa kama 65. Tofauti ni 13 cm³, na kwenye chombo chenye upana wa sentimita 20 hiyo 13 inainua maji kwa milimita 0.4 tu. Nani ataisoma kwa jicho? Galileo, mwanasayansi wa Italia, alipokuwa kijana, mwaka 1586, aliandika hichohicho, kwamba kupima maji ya kumwagika ni njia hafifu na mtu mwenye akili ya Archimedes lazima alitumia mizani, akapima kitu kikiwa hewani kisha kikiwa ndani ya maji. Na karne kadhaa kabla ya Galileo, al-Khazini, mwanasayansi wa ulimwengu wa Kiislamu, mnamo 1121, alishaeleza mizani ya namna hiyo kwa ajili ya metali na vito, mizani yenyewe akaiita mizani ya hekima. Mi hilo jina nalipenda sana, na ushauri wangu kwako ni uleule wao: acha kuusoma ujazo, upime kwa uzito.

Inafanyika hivi. Weka glasi yenye maji juu ya mizani. Pembeni weka kitu cha kushikilia, stendi au fimbo iliyolazwa juu ya vitabu viwili, chochote kisichogusa mizani. Funga kipande chako kwa uzi mwembamba, kining'inize kutoka kwenye hiyo fimbo, kizame chote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba ya mizani itapanda. Ile iliyoongezeka ndo uzito wa maji ambayo kipande kimeyasogeza, basi, ugawe kwa densiti ya maji umepata ujazo.

Watu wengi wananiuliza mizani inapandaje wakati kitu kimefungwa na uzi hakijakalia glasi. Jibu ni kwamba maji yanakisukuma kipande kwenda juu, ile nguvu inayoitwa kanieleo, na ukisukuma kitu nacho kinakusukuma, kwahiyo kipande kinayasukuma maji kwenda chini kwa nguvu ileile, maji yanasukuma glasi, glasi inasukuma mizani. Kanieleo ni sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa, wala haijali kipande ni cha risasi au cha aluminiamu, inajali ujazo tu. Uzito uliobaki wa kipande umebebwa na uzi. Ndo maana kikigusa chini kidogo tu umeharibu, pale uzi unalegea na mizani inaanza kubeba kipande chenyewe.

Kwa kipande chako tuseme kabla ya kukizamisha mizani inasoma 152.37, baada ya kukizamisha 155.26. Ongezeko ni 2.89 g. Maji yana joto la nyuzi 27, kwenye joto hilo densiti yake ni 0.9965, kwahiyo ujazo ni 2.89 gawa kwa 0.9965, tunapata 2.90 cm³. Kisha 24.60 gawa kwa 2.90, jibu 8.48. Na shaka yake sasa? Kila usomaji mmoja una 0.01, mara mbili, tuseme 0.02 kwenye 2.89, hiyo ni asilimia 0.7, yani 8.48 jumlisha au toa 0.06. Linganisha na ile 7 mpaka 9.8 ya mwanzo, mizani ni ileile na kipande ni kilekile. (Hizi namba ni za mfano, zako utazipata mwenyewe.)

Sasa tuje kwenye mambo ya kuangalia, maana njia ni rahisi ila ina mitego.

Mtego mkubwa kuliko yote ni viputo vya hewa. Kiputo cha kipenyo cha milimita 3 kina ujazo wa 0.014 cm³, kwenye kipande chako hiyo ni nusu asilimia, na viputo havikai kimoja, vinajificha kwenye mashimo na chini ya kipande ambako huvioni. Siku zote vinakosea upande mmoja, vinaongeza ujazo na kupunguza densiti, kwahiyo ukirudia mara mia ukachukua wastani kosa bado lipo palepale. Dawa yake ni kuchemsha maji kwanza uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa, ile hewa iliyoyeyuka inatoka, maana maji yanayotoka moja kwa moja bombani yakianza kupata joto la chumba yanatoa viputo vidogovidogo vinavyong'ang'ania kipande. Osha kipande kwa sabuni kitoke mafuta ya vidole. Tone moja la sabuni ya vyombo ndani ya maji linasaidia sana, maji yanalowesha vizuri na densiti yake haibadiliki kwa kiasi unachoweza kukiona, ila usikoroge mpaka povu. Kisha kizamishe kikiwa kimelala upande, kitikise, chungulia na tochi.

Uzi nao. Uzi wa pamba unanyonya maji na unapanda na maji juu, achana nao, tumia nailoni nyembamba kama mshipi wa kuvulia samaki. Pale uzi unapokata uso wa maji kuna utando unaovutana nao, kwa uzi wa unene wa milimita 1 mvutano huo unafika kama 0.02 g, kwa uzi wa 0.2 unashuka mpaka chini ya 0.005 na mizani yako haiuoni. Ile sabuni hapa pia inasaidia.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, mizani nyingi za bei nafuu zina tabia ya kujirudisha sifuri zenyewe. Zikiwa karibu na sifuri na uzito ukabadilika polepole zinadhani ni kuteleza kwa vifaa vyao vya ndani, zinaumeza ule uzito na kuendelea kuonyesha 0.00. Kwahiyo ukiweka glasi ukabonyeza kitufe cha sifuri kisha ukashusha kipande taratibu kama mtu mwangalifu, unaweza ukapoteza sehemu ya jibu lako bila kujua, na uangalifu wako ndo umekuponza. Ndo maana kwenye mfano wangu sikurudisha sifuri baada ya kuweka glasi, nimeandika 152.37 nikatoa kwa kalamu. Angalia tu glasi na maji visizidi uzito wa mwisho ambao mizani inaruhusu.

Joto sasa. Maji yana densiti ya 1.0000 kwenye nyuzi 4 tu, watu wanaikariri hiyo 1 wanaitumia kila mahali. Kwenye nyuzi 20 ni 0.9982, kwenye 25 ni 0.9970, kwenye 30 ni 0.9957. Ukitumia 1 kwenye chumba cha nyuzi 30 umekosea asilimia 0.4, si kubwa ila ni ya bure, tumbukiza kipimajoto umeimaliza. La muhimu zaidi ni kipande na maji viwe na joto moja. Niliwahi kupoteza siku nzima na sampuli niliyoitoa kwenye oveni ya kukaushia nikaona imepoa, kumbe ndani bado ina vuguvugu, maji yanayoizunguka yakawa yanapanda na namba haitulii. Siku hizi naacha sampuli kandokando ya maji usiku kucha ndo napima.

Kuna na kanieleo ya hewa, hewa nayo inainua vitu kama maji yanavyofanya, ila ni nyepesi sana, kama 0.0012 g kwa cm³, kwa kipande chako marekebisho yake ni karibu asilimia 0.1. Ukiwa na mizani ya desimali nne lazima uyafanye, kwa sasa yaache.

Kabla ya kuamini jibu lolote, pima kitu unachokijua. Aluminiamu safi ni 2.70, fuwele safi ya kwatzi ni 2.65, shaba nyekundu safi ni 8.96. Ukipata 2.69 mpaka 2.71 kwenye aluminiamu endelea, ukipata 2.60 una viputo. Halafu rudia mara tano, na kurudia ninamaanisha utoe kipande, ukikaushe, ukipime tena kikavu, ukizamishe upya, maana kusoma namba ileile mara tano bila kukitoa hujapima chochote kipya. Kama una vipande viwili vya kitu kilekile vipime pamoja, ujazo ukikua shaka ya 0.02 inakuwa ndogo.

Sasa tuseme kweli umepata 8.48 na ile shaka ya 0.06. Inakwambia nini? Shaba nyekundu safi imetoka, ile ni 8.96. Dhahabu safi imetoka mbali kabisa, ile ni 19.3. Brasi, yani shaba iliyochanganywa na zinki, inakaa kati ya 8.4 na 8.7 kutegemea zinki iliyomo, kwahiyo inakubaliana na brasi. Nakuomba uishike hiyo kauli, inakubaliana, hatujasema imethibitishwa. Shaba yenye tundu la hewa ndani tangu ilipomiminwa inaweza kutoa 8.48, na mchanganyiko mwingine wa metali nao unaweza. Densiti ni hodari sana wa kukataa, kuthibitisha ni dhaifu. Mfano unaoumiza watu ni tangsteni, ina 19.3 karibu sawasawa na dhahabu, ndo maana anayetengeneza dhahabu bandia anaificha hiyo ndani. Kama kuna pesa ya maana inategemea jibu, usiishie kwenye glasi ya maji, peleka kwa mpimaji wa madini mwenye mashine ya eksirei, na umuulize mashine inaona kina gani, maana nyingi zinasoma ngozi ya juu tu, kwahiyo densiti na eksirei zinahitajiana.

Tofali ni habari nyingine, na hapo nakupongeza kwa kuona maji yanashuka maana wengi wanaandika namba ya kwanza wanaondoka. Maji hayajapotea, yameingia kwenye vitundu vya tofali. Mwanzoni tofali linasogeza maji kwa ujazo wake wote, udongo pamoja na vitundu vyenye hewa, baadaye vitundu vikijaa kinachosogeza maji kinabaki ni udongo mgumu peke yake. Kwahiyo 1.8 yako na 2.3 yako zote zina ukweli, ulikuwa unahama kutoka swali moja kwenda jingine huku saa inakimbia. Lazima uamue unataka densiti ipi. Ukitaka kujua ukuta utakuwa na uzito gani unataka ile ya jumla, na vitundu vyake ndani. Ukitaka kujua udongo wenyewe ni wa namna gani unataka ile isiyo na vitundu.

Zote mbili zinapatikana kwa mpigo mmoja. Kausha tofali kwenye oveni ya nyuzi kama 110 mpaka uzito usibadilike, hiyo ni 61.20 yako (kama hukulikausha, hiyo namba ina unyevu ndani, ipime upya). Lichemshe kwenye maji masaa kadhaa, liache humohumo lipoe mpaka kesho yake ili vitundu vijae. Litoe, lifute kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, sio kikavu maana kikavu kinanyonya maji kutoka kwenye vitundu, upime haraka. Kisha lining'inize kwenye glasi ileile ya juu ya mizani kama ulivyofanya metali, likiwa bado limeshiba. Tuseme likishiba lina 71.17 na ukilizamisha mizani inapanda 33.88. Ujazo wote ni 33.88 gawa kwa 0.9965, yani 34.0 cm³, densiti ya jumla 1.80. Maji yaliyoingia ni 9.97 g, sawa na 10.0 cm³ za vitundu, asilimia 29 ya tofali. Ukitoa, udongo mgumu unabaki 24.0 cm³, densiti 2.55. Ile 2.3 uliyoishia ilikuwa njiani tu kuelekea huku.

Hapa pia kuna mpaka. Kuna vitundu vilivyofungwa pande zote, maji hayaingii hata uchemshe wiki, kwahiyo hiyo 2.55 bado inaweza kuwa chini ya densiti halisi ya udongo. Kuvifikia hivyo lazima usage tofali liwe unga laini, na unga haupimwi kwa kuning'iniza. Maabara zina kifaa kinachotumia gesi ya heliamu, kinaijaza kwenye chumba chenye unga, kinaifungulia kwenye chumba cha pili, na kwa jinsi shinikizo linavyoshuka kinajua unga umechukua nafasi kiasi gani, heliamu inapenya hata pale maji yanapokataa. Hicho usihangaike kukitengeneza nyumbani, wapelekee sampuli.

Plastiki ni rahisi. Badala ya uzi tumia sindano nyembamba iliyofungwa kwenye ile fimbo, isukume plastiki chini mpaka izame yote, mizani inapanda kwa uzito wa maji yaliyosogezwa vilevile, uwe unasukuma au unaning'iniza hesabu haibadiliki. Ncha tu ya sindano ndo izame, na viputo uvitafute mara mbili zaidi maana plastiki haipendi maji. Na usiishikilie kwa mkono, mkono unatetemeka. Ukipata 0.90 au 0.91 inaelekea ni polipropilini, 0.92 mpaka 0.97 ni polithini.

Kitu kinachoyeyuka kwenye maji kama chumvi ya mawe, tumia mafuta ya taa mbali na moto, ila densiti yake usiikisie, ipate kwa kupima kwanza kile kipande cha aluminiamu ndani ya mafuta hayohayo. Na kitu chenye umbo safi, mche au la mviringo kama mpira wa kuchezea, unaweza kupima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene na kipenyo) bila maji kabisa, kumbuka tu kosa la asilimia 1 kwenye kipenyo cha mpira linakuwa asilimia 3 kwenye ujazo.

Kama tofali ni la ujenzi wa kweli ambao watu watakaa chini yake, densiti ya nyumbani isikutoshe, nenda maabara ya vifaa vya ujenzi walipime na nguvu yake ya kubeba, maana tofali mbili za densiti moja zinaweza kuachana sana kwa nguvu. Kwa kile cha manjano anza na aluminiamu kwanza, kisha kipime mara tano, na ukiniandikia tena niletee namba zote tano na joto la maji, sio wastani peke yake, maana kwenye zile tano nitaona kama ni viputo, ni mizani au ni kipande chenyewe.